Meza ya Bwana na meza ya nyumbani kwako



Sisi mapadri husikia malalamiko mawili yanayopingana. Wapo waamini wanaotuambia kwamba mambo ya Utatu Mtakatifu, umwilisho na Ekaristi ni ya wasomi wa seminari, wao wafundishwe tu namna ya kuishi. Wapo wengine wanaotuambia kwamba habari za mishahara, majirani na malezi wanazipata za kutosha redioni, kanisani wafundishwe imani. Makundi haya mawili yanaonekana kutofautiana, lakini yana wazo moja. Yote mawili yanaamini kwamba mafundisho ya imani yana chumba chake, maisha ya kila siku yana chumba chake, na katikati pana ukuta.

Leo nakualika tufungue Maandiko Matakatifu tuone kama ukuta huo upo kweli. Nimechagua sehemu moja, Waraka wa Kwanza wa Mtume Paulo kwa Wakorintho, sura ya 11, kuanzia aya ya 17 hadi ya 34. Unaifahamu, hata kama hukumbuki namba zake. Ndiyo inayotusimulia jinsi Bwana, usiku ule aliotolewa, alivyotwaa mkate na kikombe. Kila Alhamisi Kuu tunaisikia kama somo la pili. Lakini angalia jambo moja: siku hiyo tunasoma aya ya 23 hadi ya 26 tu. Yanayotangulia na yanayofuata hatuyasikii, na humo ndimo Paulo anamoeleza kwa nini aliamua kuandika habari hiyo.

Kwanza tuufahamu mji wenyewe. Korintho ulikuwa mji wa biashara nchini Ugiriki, wenye bandari mbili. Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristo, na Julius Caesar akaagiza ujengwe upya mwaka 44 kabla ya Kristo. Wengi waliopelekwa kuishi humo walikuwa watumwa walioachwa huru. Paulo alikaa huko mwaka mmoja na nusu, akifanya kazi ya kushona mahema pamoja na Akila na Priskila, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume sura ya 18. Kanisa aliloliacha lilikuwa na watu wa kila namna. Alikuwapo Erasto, mtunza hazina wa mji. Alikuwapo Gayo, mwenye nyumba kubwa ya kutosha kuwakaribisha waamini wote. Na walikuwapo watumwa, ambao Paulo anawataja katika sura ya 7 ya waraka huohuo.

Wakati ule hapakuwa na majengo ya makanisa. Waamini walikusanyika nyumbani kwa mwenye nafasi, wakala chakula pamoja, na katika mkusanyiko huo wakaadhimisha Karamu ya Bwana. Wataalamu wa Maandiko wanatueleza kwamba chumba cha kulia katika nyumba ya tajiri kilitosha watu tisa hivi, wakijiegemeza kwenye makochi. Wengine walibaki uani. Tena siku ya kwanza ya juma ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Mapumziko ya Jumapili yaliagizwa na Kaisari Konstantino mwaka 321, karibu miaka 270 baadaye. Kwa hiyo aliyekuwa na mali alifika mapema. Mtumwa, mpagazi wa bandarini na kibarua walifika jioni, baada ya bwana wao kuwaruhusu.

Sasa piga picha ya kilichotokea. Waliofika mapema walianza kula. Waliofika kwa kuchelewa walikuta vyombo vitupu na wenzao wamekwisha kulewa. Kwa desturi za Warumi hilo halikuwa ajabu. Pliny Mdogo, mwandishi wa Kirumi wa kizazi kilichofuata, anaeleza katika barua yake mojawapo jinsi alivyoalikwa kwa mtu aliyeandaa divai za daraja tatu: nzuri ya wakubwa, nyingine ya marafiki wa hali ya chini, na nyingine ya walioachwa huru. Huko Korintho, basi, Wakristo walikuwa wamechukua desturi ya mjini wakaiingiza kwenye Meza ya Bwana. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Paulo alipopata habari hizi akiwa Efeso, angeweza kuwaandikia kanuni za adabu za mezani. Hakufanya hivyo. Aliwaambia kwa ukali kwamba mikusanyiko yao inawaletea hasara kuliko faida, na kwamba wanacholila hapo hakistahili kuitwa Karamu ya Bwana. Aliwashtaki kwa makosa mawili: kulidharau Kanisa la Mungu na kuwaaibisha wasio na kitu. Kisha, mara tu baada ya mashtaka hayo, akawakumbusha fundisho alilolipokea kutoka kwa Bwana na kuwakabidhi: mkate, kikombe, mwili, damu, agano jipya, na ukumbusho wa kifo cha Bwana mpaka ajapo.

Tusimame hapa kidogo. Simulizi hiyo ya Karamu ya Mwisho ndiyo ya kale kuliko zote tulizonazo kwa maandishi. Iliandikwa kwenye miaka ya 50 baada ya Kristo, kabla ya Injili zote nne. Na Paulo aliiandika kwa sababu watu maskini walinyimwa chakula. Fundisho ambalo Kanisa limelitafakari kwa karibu miaka 2,000 lilitufikia kwa maandishi kwa sababu ya ugomvi wa sahani.

Wala hapo si mahali pekee. Chukua Waraka kwa Wafilipi, sura ya 2. Humo mna maneno mazito juu ya Kristo aliyekuwa sawa na Mungu, akajishusha hadi kufa msalabani, na Mungu akamwinua juu ya vyote. Wanateolojia wameandika vitabu vingi juu ya aya hizo. Lakini Paulo aliziandika ili kuwasihi Wafilipi waache majivuno na mashindano kati yao, na katika sura ya 4 anawataja kwa majina wanawake wawili, Euodia na Sintike, waliokuwa hawaelewani. Chukua tena Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8. Hapo Paulo anafundisha kwamba Kristo aliyekuwa tajiri alikubali kuwa maskini kwa ajili yetu. Sura hiyo inahusu nini? Inahusu mchango. Wakorintho walikuwa wameanza mwaka uliotangulia kuchangia maskini wa Yerusalemu, kisha wakalegea. Sisi tunaojua daftari za michango ya harusi na ujenzi tunaelewa vizuri sana hali hiyo.

Hivyo basi, katika Maandiko ukuta ule haupo. Paulo anapoulizwa jambo la mezani, anajibu kwa imani. Anapofundisha imani, anataka ionekane mezani.

Mpendwa msomaji, tuzilete aya hizi mpaka nyumbani kwako. Nataka tuzungumze juu ya mtu mmoja ambaye yumo katika nyumba nyingi za Wakristo wa mijini, na ambaye hatajwi sana katika mahubiri yetu. Ni dada wa kazi.

Dominika asubuhi baba, mama na watoto wanajiandaa kwenda Misa. Nguo zimepigwa pasi. Nani alizipiga? Chai imeandaliwa. Nani aliamka saa kumi na moja kuiandaa? Familia inaondoka, dada anabaki kuosha vyombo na kupika ili wakirudi wakute chakula tayari. Huenda naye ni Mkristo aliyebatizwa, aliyepata Kipaimara huko kijijini kwao, na sasa ana miezi mingi hajakanyaga kanisani kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Chakula kikiwa tayari, nyama inapakuliwa mezani. Yeye atakula baadaye jikoni, juu ya kigoda, mchuzi uliobaki na ukoko. Mwisho wa mwezi ukifika anaambiwa mshahara wake "unatunzwa". Kikombe kimoja kikivunjika, kinakatwa humo. Na akitaka kwenda kwao kuzika, hesabu haionekani.

Sisemi nyumba zote ziko hivyo. Najua nyumba ambamo dada wa kazi anakula mezani, amefundishwa cherehani, na siku ya harusi yake waajiri wake ndio waliosimama kama wazazi. Mungu awabariki. Lakini kama picha ile ya kwanza inafanana na nyumba yako hata kwa sehemu, basi wewe unaishi Korintho. Umeanza kula kabla ya wanaofanya kazi hawajafika. Pengine umewahi hata kupokea Komunyo Takatifu huku mtu wa nyumbani mwako akikudai miezi mitatu.

Najua utakavyojibu, kwa kuwa majibu haya nimeyasikia mara nyingi. Utasema: nilimtoa kijijini akiwa hana kitu, anakula na kulala bure. Ndugu yangu, chakula na malazi ya mtu anayeamka kabla yako na kulala baada yako si bure. Amevilipia kwa jasho. Utasema: mshahara wangu mwenyewe unachelewa. Hilo naliamini, na simlaumu mama anayehangaika kati ya kazi na watoto wadogo. Lakini asiye na uwezo hukaa na mwenzake, akamweleza ukweli na kukubaliana naye, badala ya kumpiga chenga. Na wali wa sufuria ileile haukuongezei gharama. Heshima nayo haisubiri mwisho wa mwezi.

Wengine watasema hayo ni mambo ya serikali. Ni kweli, hapa kwetu Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Lakini muda mrefu kabla ya sheria hiyo, Kumbukumbu la Torati sura ya 24 iliagiza kwamba kibarua maskini alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijatua, awe ndugu au mgeni. Mtume Yakobo, katika sura ya 5, anafundisha kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kinamfikia Bwana. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 34, anamweka anayemnyima mfanyakazi ujira wake katika daraja moja na mwuaji, na anasema Mungu hapendezwi na sadaka iliyotoka kwenye mali ya dhuluma.

Sura hiyo ya Yoshua bin Sira iliwahi kubadilisha maisha ya padri mmoja. Bartolomé de las Casas, Mhispania, alikuwa na mashamba kisiwani Cuba, na wenyeji wa kisiwa hicho walilazimishwa kumfanyia kazi. Alikuwa padri, anaadhimisha Misa, na hakuona kosa. Mwaka 1514, akijiandaa kuhubiri sikukuu ya Pentekoste, alizisoma aya hizo juu ya sadaka ya dhuluma, nazo hazikumwacha. Aliwaachia watu wale, akaanza kuhubiri hadharani dhidi ya utumwa wao, na akaitetea haki yao mpaka alipofariki mwaka 1566. Tusimfanye malaika. Katika miaka ya mwanzo ya utetezi wake alishauri waletwe watumwa kutoka Afrika, kosa zito linalotuhusu sisi moja kwa moja, na baadaye alilijutia kwa maandishi. Hata mtu aliyefunguliwa macho upande mmoja anaweza kubaki kipofu upande mwingine. Ndiyo maana Neno la Mungu hatulisomi mara moja tukamaliza.

Sasa nirudi kwa wale wanaosema kwamba, kama ni hivyo, basi tuyaache mafundisho tuwe watu wema tu. Hapana. Tazama Paulo anavyojenga hoja yake. Kama mkate ule ni mkate tu, basi mtu kula kabla ya mwenzake ni kosa dogo la adabu. Lakini kama ule ni Mwili wa Kristo, na kama sisi tunaoula tumefanywa mwili mmoja, kama anavyofundisha katika sura ya 10, basi kumwaibisha kibarua ni kumwaibisha Kristo mwenyewe. Uzito wa kosa unatokana na uzito wa fundisho. Ukiondoa fundisho, dada wa kazi anabaki na huruma yako tu, na huruma ya mtu hubadilika kulingana na alivyoamka. Ukiliweka fundisho mahali pake, anakuwa kiungo cha mwili mmoja na wewe, na hilo halibadiliki hata siku umekasirika.

Kwa wale wanaopenda mafundisho bila maisha, Mtume Yakobo anawakumbusha katika sura ya 2 kwamba hata mashetani wanaamini kuwa Mungu ni mmoja, na wanatetemeka. Kujua Katekisimu kwa moyo ni jambo jema, lakini Katekisimu yenyewe, namba 1397, inafundisha kwamba Ekaristi inatuwajibisha kwa maskini. Mtakatifu Yohane Krisostomo, askofu wa karne ya 4, aliwaonya waamini wake wasipambe altare kwa dhahabu na hariri huku wakimwacha Kristo nje ya mlango akitetemeka kwa baridi. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, namba 43, unautaja utengano kati ya imani tunayoikiri na maisha ya kila siku kuwa mmojawapo wa upotovu mzito wa nyakati zetu.

Mambo haya yanatuhusu pia sisi tunaokaa katika nyumba za parokia. Tuna wapishi, tuna walinzi, tuna makatekista wanaotembea vigango vya mbali kwa posho ndogo. Padri anayehubiri juu ya ujira wa dada wa kazi, na mpishi wake hajui siku ya kulipwa, naye asome sura ya 11 akiwa amepiga magoti.

Huenda mtu akisoma haya ataamua kutokwenda tena kupokea Komunyo. Usifanye hivyo kwa haraka. Paulo, baada ya kuonya juu ya kula na kunywa isivyostahili, hakuwaambia Wakorintho wakae mbali na meza. Aliwaambia kila mmoja ajichunguze, na baada ya kujichunguza, ale na anywe. Kujichunguza ni njia ya kuifikia meza. Bwana Yesu naye, katika Injili ya Mathayo sura ya 5, anamwambia mwenye sadaka aiache mbele ya altare, aende kwanza kupatana na ndugu yake, kisha arudi kuitoa. Anatazamiwa kurudi.

Basi, wiki hii fanya mambo machache. Chukua karatasi, andika unachodaiwa na kila anayekufanyia kazi: dada wa kazi, mlinzi, fundi uliyemwambia aje kesho mara nne, kibarua wa shambani. Lipa unachoweza, na kwa kilichobaki toa tarehe ya kweli. Kama umemkosea kwa maneno, mwombe msamaha, kisha nenda kwenye Kitubio. Mpakulie dada chakula kutoka sufuria ileile, wakati uleule. Kama ni Mkatoliki, pangeni zamu za Misa: yeye aende Misa ya kwanza, ninyi ya pili, na Dominika nyingine mbadilishane. Kama ni wa dhehebu jingine au ni Mwislamu, mpe nafasi ya ibada yake bila manung'uniko. Na Jumuiya Ndogo Ndogo yenu ikikutana nyumbani kwako, yeye naye akae, afungue Biblia, asomeke kwenye orodha ya wanajumuiya. Asiwe mtu wa kuleta viti na kutoweka.

Baada ya maneno yote mazito juu ya mwili, damu na hukumu, Paulo anamaliza sehemu hii kwa agizo fupi ambalo hata mtoto wa Komunyo ya Kwanza analielewa: wanapokutana kula, wangojane. Yule tajiri wa Korintho aliyelisikia likisomwa alitakiwa kuacha chakula kipoe mpaka mtumwa afike kutoka bandarini. Ameamini fundisho la Ekaristi kiasi gani? Angalia kama amengoja.

Leo ukirudi kutoka kanisani na chakula kikiwa mezani, hesabu viti. Kama kuna mtu bado yuko jikoni, mwiteni, mmngoje akae, ndipo msali sala ya chakula.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.